Mtoto Ndani ya Koti

Kamera niliyokwenda nayo Endasak ilikuwa kisanduku cheusi tu, lakini niliitembeza kana kwamba nimeiunda mwenyewe. Nilikuwa mwalimu mgeni, msichana wa Usambara, na maringo hayakunipungukia. Darasani nilitoboa boksi kwa sindano, nikabandika karatasi laini upande wa pili, nikawaonyesha wanafunzi Mlima Hanang ukiwa kichwa chini miguu juu. Nikawaambia kamera ni hicho hicho: chumba cha giza chenye tundu moja. Lenzi inakusanya mwanga, kijimlango kinafunguka na kujifunga kama kupepesa jicho, na filamu iliyopakwa dawa yenye madini ya fedha inaushika mwanga huo. Panapoingia mwanga mwingi dawa inabadilika. Penye giza inabaki ilivyo, ikingoja.

Kusogeza filamu ilikuwa kazi ya mkono. Ukishapiga, unazungusha kitasa kidogo hadi namba inayofuata ionekane kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Usipozungusha, picha ya pili inaangukia juu ya ile ya kwanza. Hilo pia nililifundisha, tena kwa sauti kubwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wameletwa kukaa pamoja, nyumba zimepangwa kwa mistari, na wengi hawakujua jirani alitoka ukoo gani. Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa mama mmoja, rika langu, na binti yake wa kwanza ambaye hajaanza kutembea. Mtoto alikuwa mchekaji, nami nilizoea kumbeba nikitoka shuleni. Jumapili moja baada ya kanisa mama yake aliniomba nimpige picha akiwa naye. Alisimama mbele ya ukuta, mtoto kifuani, nikabonyeza.

Kabla sijagusa kitasa, mzee mmoja akatokea njiani. Alikuwa amehamishwa kutoka Masakta, hana mke wala mtoto, na hakuachana na koti lake jeusi hata kwenye jua. Kule huwezi kuendelea kuinamia kisanduku chako mkubwa akapita hivi hivi. Nilishusha kamera, nikasogea, nikainama kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeamka salama? Wanafunzi wazima? Nyumbani kwenu wanaleta habari?"

Alipomaliza ya kwetu, nikauliza ya kwake: mguu, maharage, mvua, ng'ombe wake mmoja. Salamu zilikwenda zikarudi mpaka mama akaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Ndipo mzee akaitazama kamera.

"Hata mimi nilipigwa hiyo nikiwa mdogo, wakati wa Mjerumani. Ya kwake ilikuwa na miguu mitatu, na mwenyewe anaficha kichwa kwenye kitambaa cheusi. Alituambia tusitikisike kabisa. Halafu akaenda. Picha sikuiona mpaka leo."

Nikamweleza, kwa ule ujuaji wangu, kwamba enzi hizo picha ilishikwa kwenye kioo, na dawa ilikuwa nzito kuushika mwanga, ndiyo maana mtu alitakiwa kutulia. Siku hizi ni filamu, mara moja tu. Nikamsimamisha pale pale ukutani, nikabonyeza.

Filamu ilipoisha niliituma studio Arusha kwa dereva wa lori la duka. Kabla haijarudi, surua iliingia kijijini. Mtoto yule aliugua siku chache akafa. Mzee wa koti jeusi ndiye aliyeanza kuchimba kaburi, vijana wakamsaidia. Baada ya mazishi mama hakulia mbele yangu. Kila nilipotoka shule alikuwa mlangoni, akiuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, picha bado?"

Bahasha ilipofika nilifungua peke yangu. Nilizipitia moja moja mpaka nikafika kwenye ile ya mama na mtoto. Nyuso za mama na mzee zilikuwa zimelaliana mpaka hazitambulikani. Lakini koti jeusi halikurudisha mwanga, kwa hiyo mahali pale filamu ilibaki vile mtoto alivyoiacha. Alionekana wazi kabisa, ndani ya kifua cha mzee, akicheka.

Sababu niliijua. Ilikuwa mkono wangu uliosahau kuzungusha kitasa, si uchawi. Lakini nani angenisikiliza? Tayari watu walishaanza kuuliza kwa nini mzee yule anaishi peke yake, na kwa nini aliwahi kaburini kabla ya wote. Lisemwalo lipo, wangesema, na safari hii wangekuwa na picha mkononi. Niliogopa wangemuua. Nikaificha chini ya nguo sandukuni, nikaenda kumwambia mama kwamba filamu iliingia mwanga, ikaungua.

"Yote?" aliuliza.

"Yote."

Mzee naye nilimwambia hivyo hivyo. Alicheka, akasema basi yeye na picha hawakuandikiwa. Nilihamishwa Bashay, kisha kwingine, na picha nikahama nayo. Sikuweza kuichana. Mara nyingi niliitoa, nikamtazama yule mtoto, nikairudisha, na mchana kutwa nikawa nahisi nimebeba kitu cha mtu.

Miaka mingi baadaye nilisikia mzee amefariki kwa uzee wake, kitandani. Sikuwa tena na wa kumlinda. Nikapanda basi hadi Endasak. Mama alikuwa na mvi na wajukuu. Nilimkabidhi picha pale mlangoni bila utangulizi, kwa kuwa utangulizi wote nilioupanga njiani ulinipotea.

Aliisogeza karibu na macho. Wala hakumtaja mzee.

"Alikuwa na meno mawili," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Nikaanza kueleza habari za kitasa, za koti, za maneno ya watu. Aliinua kiganja kunizuia.

"Sura yake ilinitoka mwaka ule ule, mwalimu. Nilimtafuta hata usingizini, simpati. Kumbe alikuwa kwako."

Aliitia picha ndani ya kanga, kifuani, akaingia ndani bila kunikaribisha.