Lengelenge la Msimu wa Uyoga

Juzi mafuta ya maandazi yalimrukia binti yangu mkononi. Nilimmwagia maji ya baridi muda mrefu, mpaka akaacha kulia akaanza kulalamika kuwa amelowa. Lengelenge lilipotuna, akaniuliza kama anaweza kulitoboa aende zake kucheza. Hapo hapo, ndugu yangu, nikajikuta kwa bibi, milimani Kasulu, nina umri kama wake na siwezi kutulia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Bibi alikuwa ameniahidi kwamba mwaka ule angenipeleka porini anifundishe uyoga, upi wa kula na upi wa kuacha. Kwetu somo hilo lilifundishwa kwa miguu, mkubwa anatangulia, mtoto nyuma na kikapu. Niliisubiri siku hiyo kiangazi kizima. Ilipofika, nikaunga maharage kwa haraka zangu ili tuondoke mapema, na mawese ya moto yakaniunguza mgongo wa mkono.

Bibi hakunigombeza. Aliutumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya mtungini, yakipata uvuguvugu anayabadilisha. Jirani akaja mbio na dawa ya meno.

"Mpake hii, mama, halafu lengelenge likituna ulitoboe kwa mwiba, maji yatoke."

"Dawa ya meno ni ya meno," bibi akasema. "Na hiyo ngozi iache, ndiyo kifuniko chake."

Alinifunika kwa kitambaa alichokichemsha na kukianika juani, akakifunga kwa kulegeza. Nikamwambia basi twende kesho.

"Porini kuna miiba na tope, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha chetu. "Lengelenge likipasuka huko, mkono utaoza. Tutakaa."

Tukakaa. Loo, nilivyoteseka! Nilihama kutoka kwenye mkeka kwenda kizingitini, kutoka kizingitini kwenda uani. Wenzangu walipita na vikapu, wakirudi wananukia udongo mbichi, na jikoni kwa jirani uyoga ukichemka na karanga harufu ilitufuata mpaka ndani. Mkono uliniwasha, miguu ndiyo zaidi. Kila asubuhi bibi alifungua kitambaa, akachungulia kama kuna usaha, akafunga tena. Naye hakwenda porini hata mara moja.

Lengelenge lilinywea lenyewe, ngozi mpya ikatoka laini. Uyoga wa mvua za kwanza ulikuwa umeshakwisha. "Mwakani," bibi akasema. Mwakani magoti yake yaliukataa mlima. Alijaribu kunieleza akiwa amekaa mkekani, lakini uyoga wa maneno wote unafanana. Kabla ya mvua nyingine tukamzika.

Pori lile sasa limekwisha kwa mkaa. Lakini mwezi huu nilipita njia ya Kibondo baada ya mvua, nikamsimamisha bodaboda, nikaingia kwenye miti iliyobaki. Uyoga ulikuwepo, mweupe na wa kahawia, umejaa chini ya majani. Niliinama, nikaushika, nikauacha. Bodaboda akapiga honi. Nikarudi na mfuko mtupu, nikiwa na hasira nisizojua nimpe nani.

Binti yangu nimemkatalia, bila shaka. Amenuna, anazunguka nyumba nzima, na mimi nazunguka naye. Bibi alifanya sawasawa, namshukuru, mkono wangu hauna hata alama. Lakini nakwambia kweli, ningekubali kovu.