Mwenyekiti na Kundi la Ok-bun

Bae Man-sik, mwenyekiti wa kijiji chetu cha Neulgol, alizoea kuwa wa kwanza kujua na wa kwanza kusema. Akikohoa tu kwenye kipaza sauti cha kijiji, majembe yote yalisimama. Kisha Ok-bun, mwenye saluni, akaanzisha kundi la simu la kuandikiana habari za kilimo. Mwenyekiti akakataa kujiunga, eti elimu ya kilimo haitoki kwenye dawa ya nywele. Wivu ukamkondesha hadi mkanda ukahitaji tundu jipya.

Jana redio ilitangaza jalidi, baridi ya kugandisha mimea. Akakimbilia kipaza sauti akiwa amevaa kandambili za bafuni. "Ndugu wananchi, funikeni kabichi za achari yetu ya kimchi."

Akatoka kifua mbele. Kabichi za kijiji kizima zilishafunikwa, hata zake.

"Nani kakwambia?" akamuuliza mkewe.

"Ok-bun, tangu asubuhi. Katuma na picha za namna ya kufunika."

"Na mimi je?"

"Tumekusikia, Baba Dong-hun. Kundini wamesifu sauti yako."

"Na yake wanaisifu?"

"Yeye haongei, anaandika."

"Basi hana sauti," akasema mwenyekiti, na usiku huo akala mabakuli mawili ya wali.