Lenzi ya Deki na Kisima cha Nyanya

Lenzi niliitoa ndani ya deki yetu ya zamani ya kuchezea DVD, iliyoharibika, nikaibana kwa kibanio cha nywele mbele ya kamera ya simu. Mwalimu wa biolojia alisema hadubini za shule ni mbili tu, kwa hivyo anayeweza ajitengenezee. Mimi huwa sisemi kitu darasani, lakini hilo nililisikia vizuri.

Tone la kwanza lilikuwa la kisima chetu hapa Mambrui. Nikaona vitu vyeusi, virefu kama nyuzi, vingi. Nikamwambia nyanya pale pale, bila kufikiri. Kisima kile alikichimba babu na majirani wote huteka hapo. Nyanya akakifunika kwa bati.

Asubuhi mama mmoja, jirani yetu, akaja na ndoo.

"Mbona mmefunika?"

"Mjukuu wangu ameona wadudu," nyanya akajibu.

"Kwa simu?" Akanigeukia. "Walikupigia, au walikutumia ujumbe?"

Akaenda zake na ndoo tupu. Mimi nikaingia jikoni nikajifanya naosha sufuria.

Mchana nikajaribu maji ya chupa ya dukani. Nyuzi zile zile. Nikatazama kigae cha kioo ninachowekea matone, kikiwa kikavu, hakina hata tone. Bado zipo. Nikakaa nayo simu mkononi, sielewi. Kisha nikainusa lenzi: udi. Nilikuwa naipangusa kwa pindo la leso, na leso zetu nyanya huzifukiza kila Alhamisi. Moshi umeganda, nyuzi za leso zimenata.

Nikaisafisha kwa pamba na spiriti, nikarudi kwenye maji ya kisima. Peupe. Nilikuwa karibu kuinuka nikamwambie nyanya, kitu kimoja kidogo mno kikakatiza, kikageuka, kikarudi. Au ni mkono wangu uliotetemeka? Na hata kama ni mdudu, si kila mdudu hudhuru. Nikatazama tena na tena, sikukiona.

Nikamweleza nyanya yote, kuanzia leso.

"Kwa hivyo maji ni mazuri?"

"Sijui, nyanya."

"Jana ulikuwa unajua."

Nyanya akaenda kisimani. Akaliondoa bati mwenyewe, akalisimamisha ukutani. "Kamwambie jirani aje ateke, lakini achemshe. Nenda wewe, maana ni wewe uliyeona."

Nilisimama mlangoni kwa jirani muda mrefu. Jana nilikosea, hilo ningeweza kulisema. La leo ndilo sikujua nilianzie wapi. Nikapiga hodi.