Ambakisye Wawili, Folda Moja

Jamani, leo mtoto wa miaka minne nusura apewe dawa za kifua cha babu yake. Na kosa ni langu.

Programu ya kliniki moja hapa Mbeya niliiandika mimi, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Mgonjwa akisajiliwa, programu inaita mkdir, amri ya kuunda folda, folda yenye jina lake inaundwa, picha zake za eksirei zinaingia humo. Kompyuta ikijibu kwamba folda hiyo ipo tayari, niliiambia programu isijali, iendelee tu. Nilidhani ni mgonjwa yuleyule karudi!

Asubuhi kaja mzee Ambakisye Mwaisaka na mjukuu wake, wote wanakohoa.

Mjukuu anaitwa nani?

Ambakisye Mwaisaka.

(Na mimi nina jina la babu yangu. Nilisahauje?)

Nesi alishashika dawa mkononi. Dokta akarudia kuangalia picha ya mtoto, halafu akaniita.

"Fundi, huyu mtoto ameanza lini kuvuta sigara?"

Nikaifungua folda: picha za babu na za mjukuu zimo humo humo.

Mzee akanitazama bila hasira, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Mwanangu, nilimpa jina langu. Kifua changu sikumpa."

Sasa kila folda ina namba ya mgonjwa. Lakini zile za zamani nazifungua moja moja.

Nyie wenye majina ya babu zenu, mmewahi kupigwa picha ya kifua hapa Mbeya?

Na babu zenu je?

Nijibuni haraka.