Vipimo vya Mama

Mwalimu aliniuliza mbele ya darasa zima, "Umempima mwenyewe? Kwa mkono wako?" Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu," bila hata kupepesa macho. Huo ulikuwa uongo mtupu, na nusura uninyime mwaka wa pili chuoni. Leo nina chumba changu cha kushonea pale Nyakoe, na wateja wakinisifu huwa nawaambia nilifunzwa kazi na wanawake watatu: mwalimu yule, nyanya yangu na mama. Nawashukuru wote kwa moyo mmoja, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Chumba kimoja cha wachoraji, kimoja cha wapiga ngoma, na kimoja chetu sisi wa mitindo. Wapiga ngoma wakianza mazoezi, pini zetu zilicheza juu ya meza. Tulikuwa na cherehani saba, mbili za umeme, na hizo mbili tulizigombania kama watoto wanavyogombania ukoko wa ugali. Tulikuwa wasichana kumi na wavulana watatu, mimi nikiwa mmoja wao, na kwa kweli nilipapenda mahali pale kupita kiasi. Nilikuwa nafika asubuhi kabla mwenye duka hajafungua.

Mwalimu alikuwa mama wa mjini, Mwislamu, aliyekulia katika duka la vitambaa la wazazi wake. Ukimfumba macho ukampa kitambaa, alikipapasa akakwambia kitapauka baada ya kufuliwa mara ngapi. Na alikuwa mkali jamani! Siku moja aliufumua mshono wangu mara nne, nami nikanuna mpaka jioni, sikumuaga hata kwaheri. Kesho yake akanisalimia kama hakuna lililotokea, akaufumua mara ya tano.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ulipokaribia alitupa kazi. "Nyinyi mmezoea kuwashonea wasichana wembamba mnaowaona kwenye simu," akasema. "Wateja wenu hawatakuwa hao. Kila mmoja atashona gauni la mwanamke wa nyumbani kwake aliyevuka miaka arobaini. Umpime mwenyewe, kwa mkono wako, halafu umlete hapa alivae mbele yangu. Lisipomkaa, unarudia mwaka." Wasichana wakaanza kucheka na kupanga rangi. Mimi nilibaki kama niliyemwagiwa maji baridi.

Asiye wa kwetu atauliza, tatizo liko wapi? Mzungushie mama yako tepu, andika namba, kwisha. Aa, wapi! Sisi Wakisii tuna kitu tunachokiita chinsoni, yaani haya na heshima baina ya mzazi na mtoto. Mvulana akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala mama yake. Hataniani naye, hataji mambo ya mwili akiwa karibu, na kumgusa ni kumpa mkono wa salamu, basi. Mimi nilitahiriwa nikiwa darasa la tano. Tangu siku hiyo sikumbuki kumtazama mama chini ya kidevu.

Na kurudia mwaka haikuwa mchezo. Baba alikuwa ameshasema waziwazi kwamba mwaka ukirudiwa, nitarudi nyumbani Ikonge kuchuma chai, na wadogo zangu wapate zamu yao ya shule. Sikumlaumu. Alikuwa na haki.

Nyanya, yaani mama yake baba, ni habari nyingine kabisa. Kwetu mjukuu na nyanya yake hutaniana bila breki. Yeye ananiita mume wangu, na nikichelewa kumtembelea anatangaza sokoni kwamba ameachwa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani Jumapili hiyo, nilikwenda kwake moja kwa moja, tepu shingoni.

"Simama nikupime, mke wangu," nikamwambia.

Akasimama, akainua mikono, akazunguka akicheka mpaka meno yake yote manne yakaonekana. Nilipofika kiunoni akauliza gauni ni la nini. Nikamweleza. Akaniondoa mikono polepole.

"Mimi nimeshonewa," akasema. "Enzi tulizouza pareto babu yako alinipeleka kwa fundi kila mwaka. Mama yako tangu aolewe hapa anavaa mitumba. Hajawahi kupimwa na mtu hata siku moja. Mshonee yeye."

"Nyanya, wewe si unajua? Nitampimaje?"

"Hilo niachie mimi."

Tepu aliikataa, alisema hizo namba zangu hazijui. Akakata nyuzi za sufu, zile za kufumia, na tukakubaliana kila uzi uwe na idadi yake ya mafundo, nijue ni kipimo cha wapi. Kifua, kiuno na nyonga ni maneno ambayo nisingeyatamka mama akisikia, hata kwa kuelekezewa bunduki, kwa hiyo tukayaita pa kwanza, pa pili na pa tatu. Kesho yake asubuhi mama alirudi kutoka shambani na kikapu chake cha chai, Nyanya akamvuta jikoni, na mimi nikakaa nje, nimeegemea ukuta wa jikoni nikitazama migomba kana kwamba sijawahi kuiona.

"Pa kwanza tayari!" Nyanya akapiga kelele kutoka ndani.

"Umekaza, Nyanya?"

"Nimekaza!"

Mama nilimsikia mara moja tu, akisema wafanye haraka, majani yake yasije yakanyauka. Nyuzi zikapitishwa dirishani, moja baada ya nyingine. Nilipozilaza juu ya tepu nilishtuka. Namba zilikuwa kubwa. Nikajiambia, haya, kumbe mama ni mnene. Ningejuaje? Na ningemuuliza nani? Kumuuliza Nyanya swali lolote zaidi, mama yuko hatua tatu ndani ya ukuta, lilikuwa jambo nisiloliweza. Nikaandika namba zile kama zilivyo.

Nilishona wiki tatu. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, mama alikichagua mwenyewe, na nilikitia bitana, kola ndogo na mikono mirefu yenye vifungo viwili. Hapo ndipo Mwalimu, akipita kati ya meza, alipoziona namba kwenye karatasi yangu, akakunja uso, akaniuliza lile swali. Nami nikamdanganya.

Siku ya kuonyesha kazi mama alifika mapema, amevaa viatu vyake vya kanisani. Aliwasalimia wote kwa mkono, hata wachoraji wenye rangi mpaka viwikoni. Akaingia nyuma ya pazia na gauni. Tukangoja. Akatoka. Gauni lilikuwa limemmeza. Mabega yalimshukia karibu na viwiko, na kiunoni mtu wa pili angeingia akakaa vizuri. Mpiga ngoma mmoja aliyekuwa amekuja kuchungulia akacheka, na mimi nikamtazama kwa jicho ambalo hakulisahau, maana mpaka tunamaliza chuo alikuwa akinipisha kwenye ngazi.

Mama hakucheka. Alishika kitambaa kilichozidi kwa mikono miwili, akaniangalia kama mtu aliyeharibu kitu cha watu. "Siku ile nilikuwa na sweta mbili," akasema polepole. "Na ile nailoni ya kuchumia chai juu yake. Tulikuwa na haraka."

Mwalimu akageuka. "Wewe. Chukua pini. Mrekebishe hapa hapa, nikiona."

Nilichukua kibati cha pini. Nikapiga hatua mbili. Mama akainamisha macho, akajikaza kama mtu anayengoja sindano ya daktari, na miguu yangu ikagoma. Haki ya nani, ikagoma kabisa. Nikasema, "Mwalimu, sikumpima mimi. Nilikudanganya. Huyu ni mama yangu, siwezi kumshika."

Nilitegemea anifukuze. Alinitazama, akamtazama mama aliyekuwa bado ameinama, akaniambia, "Wewe mtoto, ungeniambia siku ya kwanza. Mimi nimeishi na nyinyi Wakisii miaka yote hii, unadhani sijui?" Halafu akaninyang'anya kibati. "Nitabana mimi. Lakini sibani popote mpaka uniambie wewe. Ukikosea, nabana hapo hapo ulipokosea. Haya, simama pale dirishani umwangalie mama yako."

Ikabidi nimwangalie. Mwanzoni nilitazama kitambaa tu. "Punguza ubavuni, sentimita nane kila upande." Mwalimu akabana. "Inua mabega." Akabana. Bado gauni lilikaa upande, na Mwalimu hakunisaidia hata kwa neno moja. Nikaacha kutazama kitambaa, nikamtazama mama.

Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, karibu vidole viwili chini ya la kushoto. Mgongo wake wa juu ulikuwa umepinda kidogo, ndiyo maana pindo la nyuma lilipanda. Alikuwa mwembamba, mama yangu, mwembamba kuliko nilivyofikiria maisha yangu yote. Nilikuwa nimeishi naye miaka ishirini na mmoja na sikuwa nayajua hayo. Sioni haya kusema machozi yalinitoka mbele ya wasichana kumi.

"Bega la kulia," nikasema. "Limeshuka. Liingize zaidi kuliko la kushoto. Na nyuma, shusha pindo, mgongo umepinda."

"Ni gunia la chai," mama akasema, bado ameinama. "Nabebea bega hilo tangu wewe ukiwa mgongoni."

Mwalimu akabana, pini baada ya pini, mpaka kibati kikawa tupu. Akasema nina mpaka saa kumi. Nilifumua mishono kama mwendawazimu, na wenzangu wakaniachia cherehani ya umeme bila kugombana, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada. Msichana mmoja alinipigia pasi, mwingine akanitungia uzi kwenye sindano. Mama alikaa kwenye benchi na Mwalimu, wakanywa chai, wakaongea habari za watoto wasiosema ukweli. Nilisikia kila neno, na ninadhani ndivyo walivyotaka.

Alipolivaa mara ya pili, hakuna aliyecheka. Mabega yalikaa sawa, pindo likalala sawa mbele na nyuma, na mama akanyooka bila kuambiwa. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akanigeukia, akanipa mkono wa salamu kama mtu mzima na mtu mzima mwenzake, akasema, "Asante, fundi."

Mwalimu aliandika kwenye kadi yangu. Kwa kupima alinipa sufuri, akaandika na sababu, akaisoma kwa sauti darasa zima lisikie. Kwa kushona alinipa alama za kutosha kuingia mwaka wa pili, akalisema hilo kwa sentensi moja tu, akaendelea na aliyefuata. Namshukuru kwa zote mbili.

Sheria ya chuo ilikuwa kwamba kazi zote zibaki zitundikwe wiki nzima, wazazi na wageni waje wazione. Mwalimu akamweleza mama kwa upole kwamba sasa anaweza kulivua. Mama akafunga vile vifungo viwili vya mkono, akachukua mkoba wake.

"Libaki alivae nani?" akauliza. "Mimi ndiye niliyepimwa."

Akatuaga mmoja mmoja, akashuka ngazi na gauni lake. Mwalimu akanigeukia, nadhani akingoja nimkimbilie mama nilirudishe gauni. Sikusogea. Akatikisa kichwa, akaitundika kadi yangu peke yake kwenye henga, katikati ya magauni kumi na mawili ya wenzangu. Wiki nzima nilisimama kando yake, na kila mgeni aliyeuliza gauni langu liko wapi nilimjibu kwamba liko Ikonge, mwenyewe amelivaa.