Kijiko cha Bwana Miti

Waume wa mtaa ule walipotaka kuwachoma wake zao kwa maneno, walimtaja Bi Fagio. Mtazame mwenzio, walisema, mume kapooza upande mzima, ulimi umekufa, lakini humkuti hata na tone la uji kidevuni. Ilikuwa kweli. Bi Fagio alikuwa amestaafu kazi ya kufagia maofisi, ila ufagio haukustaafu naye. Alimwogesha mumewe asubuhi na jioni, akamgeuza kitandani asipate vidonda, akamnyoa, akamkata kucha. Watu wakamwita malaika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini malaika huyo, kila akishamlisha mgonjwa, alimsukuma hadi ukingo wa baraza, akamwelekeza uso kiwanjani, akafunga breki za kiti cha magurudumu, kisha akachukua panga.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya nyumba. Kusema nyuma ni kukiheshimu, maana kilishafika dirishani. Mumewe alikuwa mlinzi wa misitu maisha yake yote, mtaa mzima ukimwita Bwana Miti, na pale nyumbani hakuruhusu hata kijiti kivunjwe. Mkewe alinunua kuni sokoni huku matawi yakimgonga kichwani uani kwake mwenyewe. Jikoni taa iliwashwa mchana. Mbu walikuwa na raha zao.

Halafu binti yao, akiwa bado mtoto wa shule, aliumwa na nyoka nyuma ya jiko alipokwenda kuchukua beseni. Mguu ukaoza, ukakatwa juu kidogo ya kifundo. Walipotoka hospitali Bi Fagio alikwenda moja kwa moja kwenye panga. Mumewe akamnyang'anya, akalitundika mahali pake.

"Nyoka yuko kwake," alisema. "Mwambie mwanao aangalie anapokanyaga."

Alisema mara moja tu na akasahau. Bi Fagio aliyasikia maneno hayo kila alipomfunga mtoto mikanda ya mguu wa bandia, na mtoto alipokua, akaolewa mbali, mama aliendelea kuyasikia bila mikanda. Binti sasa alikuwa na watoto wawili ambao bibi yao alikuwa amewaona kwenye picha za simu tu.

"Mama, nakupenda," binti alimwambia, "lakini wanangu hawalali nyumba hiyo mpaka pori liondoke."

Basi siku Bwana Miti alipoanguka bafuni na kuamka hana upande wa kulia wala neno mdomoni, Bi Fagio alilia mbele za watu kama inavyotakiwa. Watu walipokwisha kumpa pole, alinunua panga jipya, shoka na sururu.

Vibarua hakuwataka. "Watanifyekea hovyo," alimwambia jirani aliyejitolea kumtafutia vijana. "Wao watakata mpaka kivuli. Mimi nataka wajukuu wangu wapate pa kuchezea, siyo jangwa." Kwanza alizunguka akichagua miti ya kubaki, ile mikubwa iliyokomaa, yenye shina safi na matawi ya juu. Ili asije akaisahau akiwa amezama kichakani, aliifunga alama. Alilifungua sanduku la mumewe, akatoa sare yake ya msituni, ya kaki yenye vifungo vya shaba, akaichana vipande vipande mbele yake, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine.

"Tulia, mzee wangu," alimwambia. "Sare inarudi kazini."

Alifanya kazi kwa akili. Mitambaazi aliikata chini na kuiacha inyauke hukohuko juu, kwa sababu ukiivuta mbichi inakuangushia tawi bovu utosini. Kabla ya kufyeka alipigapiga fimbo vichakani ili wenye sumu wahame. Vichaka vikaisha, akaingia kwenye miti michanga, kisha visiki, navyo alivichimba hadi mizizi, maana kisiki ukikionea huruma leo kitakuchipulia kesho. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi ya kobe. Asubuhi moja jua liliingia jikoni, likalala juu ya meza. Bi Fagio hakuwahi kujua kwamba meza ile ilikuwa na wekundu. Alikaa kitini akalia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwona.

Ukatili wake ulianza kwa bahati tu. Bwana Miti alikuwa amebaki na mkono wa kushoto, na mkewe alimwekea kikombe cha bati mapajani na kijiko, agonge akitaka maji. Siku moja Bi Fagio aliegemeza shoka kwenye mti mkubwa ili ajifute jasho. Barazani bati likalia kama kengele ya kichaa. Aliliondoa shoka, likanyamaza. Akalirudisha, likalia tena.

Lo! Alipata mchezo. Tangu siku ile, kazi ikimchosha, alikwenda kwenye mti mmojawapo, akaugusa kwa ubapa wa shoka na kugeuka.

"Huu? Au ule? Chagua wewe, ndiwe mwenye mali."

Mzee aligonga mpaka kikombe kikadondoka, kamasi zikamtoka, jicho lake zima, la kushoto, likajaa maji. Bi Fagio alicheka hadi akashika mbavu. "Haya, leo nimekusamehe," alisema, akaenda kumfuta pua. Hakuwa na nia ya kukata hata mmoja. Wajukuu walihitaji kivuli. Lakini kumwona yule bwana akiomba, yeye aliyeombwa miaka yote bila kusikia, kulikuwa kutamu, na sitamlaumu hapa. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, waliusema waliotutangulia, na Bwana Miti aliurusha kwanza.

Enzi zake za kusema, mzee alikuwa na hubiri moja. Miti iliyokulia msituni, alisema, ni walevi watatu wanaorudi nyumbani wameshikana mabega. Mtoe mmoja uone kama hao wawili watafika. Bi Fagio alilisikia hubiri hilo kila alipoomba kupunguza kichaka, kwa hiyo alilihesabu kuwa ni visingizio vya mtu bahili wa jua.

Mvua zikanyesha wiki nzima, zikakatika, upepo ukaanza. Binti alipiga simu kwamba wanakuja kesho, yeye na watoto. Kilikuwa kimebaki kisiki kimoja, chini ya ule mti mkubwa kuliko yote, karibu na jiko. Bi Fagio alitaka kimalizike, ili wafike wakute uwanja safi. Alimweka mzee barazani, akafunga breki, akaenda kuchimba. Mizizi ilikuwa imesukana, minene kama mapaja. Kila iliyomkwaza aliikata, akiamini yote ni ya kisiki. Aliupa mti mgongo na kupiga sururu kwa nguvu.

Alipokwisha kukata mzizi wa nne au wa tano ndipo akagundua kuna kitu kimepungua. Bati halikulia. Asubuhi nzima alikuwa anakata miguuni pa mti mpenzi wa bwana yule, na bati halikulia.

"Amekufa," aliwaza. Alitupa sururu, akakimbilia baraza.

Nyuma yake ardhi ilitoa sauti ya shuka nzito inayochanwa. Matawi ya juu yalimchapa mgongoni, yakamlaza kifudifudi. Alipogeuka, pale alipokuwa akichimba palilaliwa na shina lote, na mpini wa sururu ulikuwa umechomoza chini yake, umevunjika.

Alipanda barazani akitambaa, akajiinua kwa kushika kiti. Mumewe alikuwa hai, ametulia tuli. Kutoka pale mzee alipokaa, Bi Fagio aliona yale mumewe aliyokuwa akiyaona. Upande wa pili wa shimo, ambako mchimbaji hakuweza kuona, udongo ulikuwa umepasuka nyufa ndefu, mtu anaweza kutia mkono. Mti wa pili, uliokuwa umeegemeana na ulioanguka, nao ulikuwa umeanza. Kila upepo ukivuma, udongo wa shinani mwake uliinuka na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Haukuanza kuchemka dakika ile.

Akatazama mapajani pa mumewe. Kikombe kilikuwapo. Kijiko alikuwa nacho mkononi, amekibana mpaka vidole vimepauka.

"Uliona," Bi Fagio alisema.

Jicho zima la Bwana Miti lilimtazama usoni. Halikukimbia.

Mikwaruzo aliiosha kwa maji ya chumvi. Alipika, akamlisha, akampangusa mdomo, akamgeuza kitandani kama kila siku. Kisha akampigia binti yake simu.

"Msije kesho, mwanangu. Njooni keshokutwa. Kuna mti mmoja umebaki, siuamini."

Asubuhi upepo ulikuwa umezidi. Alimwogesha mumewe, akamnyoa, akamvalisha shati lililopigwa pasi. Jirani alichungulia juu ya ukuta akasema kweli wewe mama Mungu atakulipa. Bi Fagio akaitikia amina. Jirani alipoondoka, alikisukuma kile kiti, kikapita ukingo wa baraza, kikashuka, kikakata uwanja ulio safi hadi chini ya mti wa pili, upande ulikoinamia. Alikigeuza, mgongo wa mzee ukaelekea shina, uso ukaelekea jikoni. Akafunga breki zote mbili. Akaweka kikombe mapajani na kijiko mkononi.

"Angalia unapokanyaga," alimwambia.

Alirudi jikoni, akaanza kuosha vyombo vya uji karibu na ile meza nyekundu, jua likimpiga mikononi. Bati lilianza kulia kabla hajamaliza sahani ya kwanza. Lililia, likaongeza kasi. Bi Fagio alilisikia vizuri sana. Akamimina maji mengine kwenye beseni.