Kiberiti cha Khimuli

Khimuli Nayal ni mke wa marehemu kaka yangu. Ana miaka hamsini na sita, na sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Kwa lililo lake pia huomba kwa shida. Ana vyumba vinne vya wageni juu ya kona ya barabara, mimi nina duka la chai chini ya kona, na kwa miaka ishirini wageni kutoka Delhi wamekunywa chai yangu ya sukari guru, wakapanda kwake kula mkate wa ulezi, na kesho yake wakashuka kuniambia kwamba chai yake ni tamu kuliko yangu. Nimezoea.

Wageni huja Simalkhet, kijiji chetu, kutazama milima ya theluji na kukimbia joto. Hawajui kwamba raha yao yote, maji ya kuoga na bustani na hiyo chai, inatoka kwenye chemchemi moja iliyo katikati ya mialoni juu ya kijiji. Mwaloni hushika maji. Msonobari, uliotuzunguka pande nyingine zote, hushika moto. Kila kiangazi majani yake membamba hukauka na kutandaa ardhini, na kipande cha sigara cha mlevi mmoja kinatosha kutuhamisha.

Ndiyo maana tuna baraza la msitu, na ndani ya baraza kukabili moto ni kazi ya wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaojua kila njia ya kuchotea maji na kukatia nyasi. Moto mkubwa ukija hawaufuati na ndoo. Dawa ya moto ni moto. Wanafagia ukanda wa ardhi mpaka udongo uonekane, wanausubiri ule mkubwa ukaribie, kisha wanawasha moto wao mdogo ukingoni, uteremke ukutane na ule mkubwa na kuunyima chakula. Kazi iko kwenye kujua wakati. Ukiwasha mapema, upepo wa mchana unaopanda mlima unakurudishia moto usoni. Ukichelewa, hutahitaji tena kiberiti. Mama yangu alimfundisha Khimuli jambo moja tu: ngoja mpaka moshi wako uinamie moto. Tangu mama afariki, kiberiti ni cha Khimuli.

Mwaka ninaousimulia mvua ilitukataa tangu Januari. Mwezi wa tano moto ukapanda kutoka bonde la magharibi, na siku ya Jumanne Khimuli na wenzake wakaukatiza juu ya shule. Kijana wa televisheni, Lokesh Upreti, alifika wakati huohuo na kamera yake. Alichokipiga ni sekunde kumi na moja: mwanamke mtu mzima, mundu kiunoni, anainama, anawasha majani makavu, moto unaruka. Hakuuliza neno. Akashuka mbio kuzituma.

Jioni tulikuwa watu kumi na watano mbele ya televisheni ya dukani kwangu. Chini ya picha ya shemeji yangu kuliandikwa kwa rangi nyekundu: WANAKIJIJI WACHOMA MISITU YAO. Mtangazaji, amevaa koti huko Delhi, alikuwa akiuliza kwa ukali sisi ni watu wa namna gani. Ikaja picha ya helikopta inayomwaga maji ya ziwa, kisha Khimuli, kisha helikopta, kisha Khimuli. Nilipandwa na hasira hata nikamwaga sufuria nzima ya maziwa. Khimuli mwenyewe alitazama mpaka mwisho, akasema tu kwamba mtandio ule haumpendezi.

Kufikia Alhamisi wageni wote walikuwa wamefuta safari zao. Hilo alilimeza. Lililomkaba ni jingine. Moto ulikuwa umezunguka na sasa ulipanda kutoka mashariki, upande wa mialoni na chemchemi, na mkuu wa askari wa misitu, Bwana Kharayat, alikuwa amepewa amri kwamba yeyote atakayekutwa na kiberiti msituni akamatwe. Walioiona televisheni ndio walioitoa. Wanawake wakaogopa, na siwalaumu, wana watoto. Wakasema kufagia watafagia, lakini kuwasha hawawashi. Na ukanda mtupu, kwa moto wa namna ile, ni kuzuia nyati kwa uzi. Mialoni ile ikiungua haitakua tena maishani mwetu, na chemchemi ikikauka hakuna Simalkhet.

Asubuhi ya Ijumaa akaja dukani.

"Shemeji," akaniambia, "Mungu alikunyima chai akakupa mwandiko. Chukua karatasi."

Kwetu aliyedhulumiwa hupeleka shauri kwa Golu, mungu wa haki. Unaandika malalamiko, unamtaja aliyekukosea, unaitundika karatasi hekaluni. Ukipata haki yako, unarudi na kengele. Nikaandika alivyoniambia: kwamba Lokesh Upreti, katika kazi ya saa tatu, alichukua sekunde kumi na moja tu, na kwamba chemchemi ikikauka, ni juu yake. Niliongeza matusi mawili ya kwangu mwenyewe. Akaniambia niyafute, Golu si mlevi wa dukani kwangu. Kisha akaenda kuitundika.

Mabwana wa Delhi wangecheka. Lakini Lokesh si wa Delhi. Mama yake anaishi bonde la pili tu kutoka hapa, na habari kwetu zina miguu myepesi kuliko televisheni. Kabla ya chakula cha mchana pikipiki yake ilikuwa mlangoni kwangu, naye amepauka uso, anauliza Khimuli yuko wapi. Nilimpeleka mwenyewe, nisikose tamasha. Tulimkuta akifunga mundu kiunoni.

"Mama, nakuomba utoe jina langu pale," Lokesh akasema. "Mama yangu hajala tangu asubuhi."

"Mama yako ana akili. Wewe je?"

"Mimi nilituma picha tu. Maneno waliandika wao."

"Ulisimama hatua ishirini kutoka kwangu, mwanangu. Siku hiyo mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

Khimuli akamwambia jina litatoka, lakini kwanza apande naye mlimani, awashe kamera wakianza kufagia, na aizime atakapoambiwa.

Bwana Kharayat alikuwa ameshafika juu na askari wake wawili. Ni mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua.

"Dada Khimuli, usinitie majaribuni. Ukiwasha, nakukamata."

"Nikamate, sikatai. Ila nikimaliza. Sasa hivi mikono ina kazi."

Tulifagia mpaka saa tisa. Moto tuliusikia kabla ya kuuona. Wanawake wakarudi nyuma, Khimuli akaketi kwenye jiwe na kuchoma majani machache mbele yake. Moshi ukatujia usoni. Akayazima kwa kisigino. Saa kumi akachoma mengine, moshi ukatujia tena. Sasa ndimi za moto zilionekana kati ya misonobari, na Kharayat, yule wa kukamata, akaanza kumsihi awashe au sote tuondoke. Mimi niliogopa, nasema kweli, na miguu yangu ilikuwa imeshageukia nyumbani. Yeye akasema kimya kimya, kama anayeongea na mama yangu, bado.

Mara ya tatu moshi ulisimama wima. Kisha ukainama taratibu, ukaelekea bondeni, kwenye moto.

Akainuka, akawasha mahali pa kwanza, pa pili, pa tatu. Nyuma yake Jivanti, ambaye mumewe ni mwanajeshi, na ambaye mwenyewe alikataa kuwasha kwa sauti kubwa kuliko wote, akanyakua fungu la majani yanayowaka akamfuata, na wengine wakamfuata Jivanti. Cheche zilizoruka upande wetu tulizipiga kwa matawi mabichi ya mwaloni. Mioto miwili ikakutana hatua arobaini chini yetu, ikanguruma pamoja, na baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kuungua.

Jua lilipokuwa likizama Khimuli alimwendea Kharayat na kumnyooshea mikono yake miwili, myeusi mpaka viwiko. Kharayat akaitazama, kisha akatazama tawi lililoungua mkononi mwake mwenyewe.

"Nenda kanawe, dada," akasema.

Lokesh alituma kila kitu, kuanzia ufagio mpaka majivu. Wakubwa wake wakamjibu kwamba moto uliozimwa si habari, wakaonyesha helikopta. Alikuja kutuambia huku analia. Khimuli alilitoa jina lake hivyohivyo, kwa kuwa lililokuwa juu yake alikuwa amelitimiza, na kengele kijana akainunua mwenyewe, kubwa kuliko zote hekaluni.

Mvua zilipoanza, wageni wa kwanza wakaja, mume na mke kutoka Delhi. Nilikuwa nimepeleka maziwa asubuhi, nikamkuta yule bwana mezani anamkodolea macho shemeji yangu.

"Samahani, mama," akasema, "si wewe yule wa kwenye televisheni? Aliyechoma msitu?"

Nilifungua mdomo kumjibu anavyostahili, Khimuli akanizuia kwa mkono. Akachukua bilauri, akaijaza maji ya chemchemi, akaiweka mbele yake.

"Ndiye mimi," akasema. "Kunywa."

Akanywa yote, akaomba nyingine.